Safari ya kuasili mtoto Bogotá: Shangazi abebe mizigo, mtoto aachiwe mama

Kwenye uwanja wa ndege wa El Dorado, jijini Bogotá, hushuka abiria wa kila namna: wafanyabiashara, watalii, wanafunzi wanaorudi kwao. Mara moja moja hushuka pia familia yenye sanduku zima la nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe hayumo kwenye msafara. Ndiye waliyemfuata.

Kolombia ni moja ya nchi ambazo bado zinaruhusu baadhi ya watoto wake waasiliwe na familia zinazoishi nje. Wanaokwenda huko hutoka zaidi Marekani na Ulaya. Mtanzania au Mkenya aliyehamia huko akiingia kwenye safari hii, hufanya kile ambacho angefanya kwa harusi au kwa uzazi: anaita ndugu. Bibi anapigiwa simu Moshi, shangazi anaombwa achukue likizo huko Birmingham, mama mdogo anakata tiketi kutoka Dallas.

Ndugu huyo hujiandaa kwa moyo wote. Anafunga kanga, anafunga viungo vya pilau, na kichwani ameshamwona mtoto yuko mgongoni mwake. Kumbe jambo la kwanza atakaloombwa ni gumu kuliko yote kwa mtu aliyelelewa Afrika Mashariki: asimbebe mtoto, asimlishe, asimbembeleze. Kwa wiki za mwanzo kazi hizo ni za baba na mama peke yao.

Anayeelewa sababu yake kabla ya kupanda ndege huwa msaada mkubwa. Asiyeelewa huweza kuharibu kwa upendo kile ambacho wazazi wamekingoja kwa miaka.

Kwa nini ndugu huitwa

Safari ya kuasili Kolombia si ya siku tatu. Familia nyingi hukaa kati ya wiki nne na sita, wakati mwingine zaidi, kwa sababu kila hatua hufanyika humo humo nchini: kukutana na mtoto, kukaa naye chini ya uangalizi, kwenda mahakamani, kupata cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti, kisha viza ya nchi anayokwenda.

Msimamizi wa yote ni Taasisi ya Ustawi wa Familia ya Kolombia, inayofahamika kwa herufi zake za Kihispania, ICBF, iliyoanzishwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi sasa taasisi hiyo imekuwa ikielekeza familia za kigeni zisizo na asili ya Kolombia kwa watoto wakubwa kidogo, wa miaka saba hivi na kuendelea, kwa ndugu wawili watatu wanaotakiwa wasitenganishwe, au kwa watoto wenye mahitaji maalumu ya kiafya. Hivyo anayefuatwa mara nyingi si kichanga. Ni mtoto anayezungumza, anayekumbuka, mwenye maoni yake kuhusu chakula na kitanda.

Hapo ndipo ndugu anapohitajika. Wazazi wanaopokea watoto watatu kwa mpigo wanahitaji mtu wa kupika. Mama anayeasili peke yake anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye usiku. Wenye mtoto mwingine waliyekuja naye kutoka nyumbani wanahitaji mtu wa kumshika huyo asijione amesahauliwa. Na pale ambapo kazi inamlazimu baba kurudi kabla ya hukumu, mama hubaki na nani?

Mji ulio juu kama Mandara

Kabla ya mambo ya mtoto, kuna mambo ya pumzi. Bogotá iko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari. Nairobi yenyewe haifiki 1,800. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro na kulala usiku wa kwanza kwenye vibanda vya Mandara, karibu mita 2,700, ameshaonja hewa ya Bogotá. Tofauti ni kwamba huku kuna jiji la mamilioni ya watu, daladala, foleni na ngazi za maofisi.

Mgeni anayetoka pwani huweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuhema kwa kupanda ghorofa moja tu. Kwa walio wengi hali hutulia baada ya siku mbili tatu za kupumzika, kunywa maji na kula kidogo kidogo. Bibi mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi. Mwenye selimundu naye asiende bila ushauri wa daktari, kwa kuwa hewa nyembamba inaweza kumletea maumivu makali. Msindikizaji anayelazwa siku ya tatu amegeuka kuwa mgonjwa wa kuuguzwa, na wazazi wana kazi nyingine.

Hali ya hewa haitamshangaza mtu wa Njombe au Limuru. Mchana jua linaweza kufika nyuzi joto 19 hivi, usiku hushuka hadi kama nane, na mwaka mzima ni hivyo hivyo. Mvua kubwa hunyesha Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, kama masika na vuli. Sweta na mwavuli vitavaliwa kuliko gauni la sherehe.

Ila mtoto hukutanishwa na wazazi katika mkoa anakoishi. Huenda ikawa Cali, penye joto, au mji wa nyanda za chini wenye mbu. Homa ya manjano haiko Bogotá, lakini iko sehemu nyingine za nchi, na msafiri anayetoka Uganda au Kongo anaweza kudaiwa cheti cha chanjo. Kadi ile ya njano iwekwe pamoja na pasipoti. Anayesafiri kwa pasipoti ya Afrika Mashariki aulizie viza mapema sana. Kolombia ina ubalozi Nairobi.

Siku ya kukutana

Wakolombia huiita siku hiyo *encuentro*, yaani makutano. Wiki kadhaa kabla yake mtoto huwa ameonyeshwa albamu ya picha: huyu ni mama, huyu ni baba, hii ni nyumba, huyu ni mbwa. Kama msindikizaji yumo kwenye albamu hiyo, ni vizuri awe ameandikiwa jina litakalotumika, *tía* kwa shangazi au mama mdogo, *abuela* kwa bibi. Mtoto atamtambua na kujua mahali pake.

Kwenye chumba cha ofisi mara nyingi huingia wazazi tu, pamoja na maofisa. Ndugu hubaki nje na mikoba. Wengine huumia kwa hilo, hasa aliyesafiri saa 20 na zaidi. Lakini nje hapo kuna kazi. Kuna teksi ya kuhakikisha ipo, maji ya kunywa, nyaraka za kushika, na kaka mtu wa miaka mitano anayeuliza kwa nini hawaingii.

Mtoto atakapotoka, huenda akawa anacheka, amevaa nguo mpya. Huenda akawa analia kwa sauti. Anaachana na watu. Wengi hulelewa na mama mlezi, anayeitwa *madre sustituta*, mwanamke aliyepewa na taasisi jukumu la kuwalea nyumbani kwake. Kuna mtoto ambaye amemwita mwanamke huyo mama kwa miaka. Siku ambayo ukoo huku unapiga vigelegele, yeye anafiwa. Hiyo ndiyo sababu vigelegele, maputo na kamera vinatakiwa visubiri.

Na zawadi ya fedha kwa mama mlezi au kwa ofisa isitolewe kienyeji. Kolombia inafuata Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, na mkataba huo unakataza mtu yeyote kujipatia faida isiyostahili kutokana na shughuli hii. Bahasha ambayo shangazi aliiona kuwa ni shukrani inaweza kusomeka vingine kabisa. Akitaka kushukuru, amuulize mwanasheria au wakala wa familia njia iliyo sawa.

Mikono ya nani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto ni wa wote. Hupokezanwa sebuleni kutoka paja hadi paja, na bibi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu uji. Utaratibu huo humfaa mtoto aliyezaliwa humo, kwa sababu anajua harufu ya mama yake tangu siku ya kwanza na anajua atarudishwa kwake.

Mtoto wa safari hii hajui hilo. Ameshapita kwenye mikono mingi: ya waliomzaa, ya ofisa, ya mlezi mmoja, pengine wa pili. Kila mkono ulimwacha. Anachotakiwa kujifunza kwa wiki hizi ni jambo moja, kwamba kuna watu wawili ambao akiwa na njaa wanampa chakula, akianguka wanamwinua, akiamka usiku wapo, na kesho yake wapo tena. Hujifunza kwa kurudiwa, mara mia, na watu wale wale.

Sasa fikiria bibi mwenye upendo anampa biskuti kabla mama hajafika, anamfuta machozi, anamlaza kitandani kwake. Mtoto atamfuata bibi, na ana haki ya kumfuata, maana bibi hana masharti. Mama ndiye anayesema piga mswaki. Baada ya wiki tatu bibi anapanda ndege kurudi Moshi. Kwa mtoto, huyo ni mtu mwingine tena aliyempenda akaondoka.

Jambo hilo lina uzito hata ofisini. Katika siku za mwanzo wataalamu wa ICBF huangalia mtoto na wazazi wanavyozoeana kabla kesi haijapelekwa mahakamani. Wakikuta mtoto amejificha nyuma ya gauni la shangazi, watakuwa na maswali.

Kinachosaidia ni kuwa na neno tayari. Mtoto akija na kiatu akitaka kufungiwa kamba, shangazi hutabasamu na kusema *vamos con mamá*, twende kwa mama, kisha huenda naye. Akiomba pipi, ni hivyo hivyo. Hamfukuzi, hamnunii, humrudisha tu kila mara palipo mama. Anaruhusiwa kucheza naye mpira, kuchora, kumfundisha kuhesabu kwa Kiswahili, kucheka naye. Kulisha, kuogesha, kulaza na kufariji ndivyo vya wazazi.

Kama yupo mtoto mwingine wa familia, huyo ndiye wa kubebwa. Kaka au dada aliyekuja kutoka nyumbani ameona mama yake akichukuliwa na mgeni ndani ya siku moja. Shangazi akimpeleka yeye bustanini, akamsikiliza malalamiko yake bila kumwambia akue, atakuwa amewabeba wote.

Jikoni ndiko kwenye uwanja wake

Familia nyingi hupanga nyumba ndogo au chumba chenye jiko. Msindikizaji anayejua kupika ana ufalme wake hapo, mradi akumbuke anampikia nani. Mtoto amepoteza nyumba, shule na marafiki kwa wiki moja. Asipotezewe na chakula.

Bahati nzuri soko la Bogotá si geni kwa mtu wa Kariakoo au Gikomba. Kuna ndizi za kupika, mihogo, maharage, wali, maparachichi, mapera, mapapai na pasheni. Kinywaji cha kila nyumba ni *agua de panela*, na panela ni sukari guru ile ile, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, mara nyingine kwa ndimu. Jioni watoto hunywa chokoleti ya moto na kipande cha jibini, na wengine huitumbukiza jibini humo humo ndani. Supu ya mji ni *ajiaco*: kuku, viazi vya aina tatu, hindi la kuchemsha, na majani yaitwayo *guascas*. Mama wa nyanda za juu akiyaona mabichi anaweza kucheka, kwa sababu mmea huo umesambaa hadi Afrika Mashariki na wakulima wetu huung'oa kama gugu.

Mambo mawili ya jikoni. Kwanza, kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi joto 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage huchukua muda mrefu sana. Sufuria ya presha ndiyo dawa, na nyumba nyingi za huko wanayo. Pili, unga mweupe wa mahindi unaouzwa kila duka kwa ajili ya *arepa*, yale maandazi bapa ya mahindi, umeshapikwa kiwandani. Anayeusonga kama sembe atapata kitu kingine. Ugali usubiri nyumbani.

Akishapika, sahani ya mtoto anaikabidhi kwa mama. Mama ndiye anayeiweka mezani.

Nywele na jina

Kolombia ina raia wengi wenye asili ya Afrika, hasa pwani ya Pasifiki na ile ya Karibiani. Kijiji cha San Basilio de Palenque, karibu na Cartagena, kilianzishwa na watu waliotoroka utumwa, na lugha yake hadi leo imebeba maneno ya Kikongo. Hivyo huenda mtoto akawa na nywele ambazo shangazi anazijua kuliko mtu yeyote kwenye nyumba hiyo.

Kishawishi cha kumkalisha chini na kumsuka ni kikubwa. Lakini kusukwa ni saa mbili za kuguswa kichwa kwa upole, na upole huo mtoto anauhitaji kutoka kwa mama. Shangazi akae pembeni amwonyeshe mama namna ya kugawa, kupaka mafuta, kushika mistari. Mistari ya kwanza itapinda. Haina neno.

Jina nalo lina wenyewe. Ukoo huku unaweza kuwa umeshaandaa jina la babu. Mtoto wa miaka minane ana jina lake, na huenda ndicho kitu pekee alichotoka nacho. Suala la kuongeza jina ni la wazazi na mtoto, na bibi hawezi kulitangaza mezani.

Vivyo hivyo kwa maneno mengine yanayozoeleka. "Mama yake wa kweli." "Amebahatika kweli kuokolewa." "Hana hata shukrani." Mtoto hajui Kiswahili, lakini mama anakijua, na mtoto atakijua siku moja. Mwenye maswali kuhusu waliomzaa ayaache. Habari hizo ni mali ya mtoto.

Siku 10 za hakimu

Baada ya wataalamu kuridhika, mwanasheria hupeleka maombi kwa hakimu wa familia. Sheria ya watoto ya mwaka 2006 inampa hakimu siku 10 za kazi kutoa hukumu pale ambapo hakuna pingamizi. Kwenye karatasi ni wiki mbili. Lakini Kolombia ina sikukuu 18 kwa mwaka, na nyingi husogezwa ziangukie Jumatatu. Mahakama huweza kulemewa, karatasi huweza kukosa mhuri. Ndiyo maana tiketi ya kurudi ya msindikizaji iwe ya kubadilishika, na likizo yake isikatwe kwa kipimo cha karibu karibu.

Kungoja huko ndiko kunakochosha nyumba. Wazazi hulala kidogo. Mtoto aliyekuwa mpole wiki ya kwanza huanza kuvunja vitu wiki ya pili, kwa kuwa sasa ana ujasiri wa kuonyesha uchungu. Mama anaweza kumwangalia na kujiuliza kimya kimya kama amefanya kosa. Hapo ndugu anatakiwa asikilize bila kushtuka, bila kusema "nilikwambia", na bila kutoa mifano ya jinsi yeye alivyolea sita. Kikombe cha kahawa nyeusi, ambayo huko huitwa *tinto*, na nusu saa ya kukaa naye vinatosha. Kahawa yenyewe itampa cha kusimulia: katika soko la dunia, kahawa ya Kolombia huwekwa kundi moja na ya Kenya na Tanzania.

Kuna pia kazi za miguu: kutoa nakala, kufua, kununua dawa, kukumbuka saa ya miadi. Daftari dogo la gharama na tarehe, lililoshikwa na mtu mmoja, huokoa ugomvi mwingi.

Kutembea kidogo kidogo

Bogotá ina mengi, na msindikizaji aliyetoka mbali atataka kuyaona. Siku za mwanzo mtoto hahitaji matembezi. Anahitaji chumba kile kile na sura zile zile. Ndugu anaweza kutoka peke yake, na wazazi wakapata nafasi. Jumba la Dhahabu, *Museo del Oro*, lina maelfu ya vito vya watu walioishi huko kabla ya Wahispania. Makumbusho ya Botero, yenye picha na sanamu za watu na farasi walionenepa, hayana kiingilio.

Mtoto akitulia, mahali pazuri pa familia ni barabarani, siku ya Jumapili. Tangu mwaka 1974 jiji hufunga barabara zake kuu kwa magari kila Jumapili na sikukuu, siku hizi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120. Watu hutembea, huendesha baiskeli, hukimbia na mbwa. Mtoto anaijua *Ciclovía* hiyo tangu azaliwe kama ametokea Bogotá, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenyeji na wazazi ni wageni. Shangazi ashike maji na makoti nyuma yao.

Mlima Monserrate, mita 3,152, hupandwa kwa gari la kamba au treni ya mlimani, na mji wote huonekana kutoka juu. Uachwe hadi kila mtu awe amezoea hewa. Teksi iitwe kwa simu au kwa programu, isisimamishwe ovyo njiani. Wenyeji wana msemo wa kuonya mtu asitoe papai, maana yake asimrahisishie mwizi kazi. Simu mkononi ukingoni mwa barabara ni papai.

Kikundi cha ukoo kinangoja picha

Bogotá iko saa nane nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Ukoo ukimaliza chakula cha mchana, Bogotá bado ni alfajiri na simu inaanza kuita. "Tuoneni basi." "Amefanana na nani?" "Mbona hamtumi video?"

Msindikizaji ndiye msemaji anayefaa, ili wazazi wazime simu zao. Anaweza kutuma picha ya mlima, ya ajiaco, ya mvua. Ya mtoto, hapana, mpaka wazazi waseme. Kabla ya hukumu mtoto bado yuko chini ya ulinzi wa serikali ya Kolombia, na hata baada ya hukumu, sheria inaweka nyaraka za kuasili kuwa siri kwa miaka 20. Picha iliyotupwa kwenye kikundi cha watu 87 haina siri tena. Kuna pia mtoto mwenyewe, atakayekua na kukuta kilio chake cha siku ya kwanza kinazungushwa na watu asiowajua.

Baba akitangulia kurudi

Wazazi wote wawili hutakiwa wawepo kumpokea mtoto. Baadaye, kesi ikiwa imeshafunguliwa, mara nyingi mmoja huruhusiwa kurudi kazini na mwingine hubaki hadi mwisho. Kwa mtoto, kuondoka kwa baba ni kengele ya hatari: ameanza tena kuachwa.

Wiki hiyo kishawishi cha shangazi kuziba nafasi ya baba ni kikubwa kuliko wakati wote. Kinachofaa ni kuishika nyumba ili mama aweze kuwa wawili. Shangazi apike, afue, apange foleni ya pasipoti, ahakikishe simu ya baba inapigwa saa ile ile kila jioni. Kalenda ukutani, yenye siku zinazokatwa moja moja hadi kumwona baba, humsaidia mtoto kuliko maneno ya faraja.

Na shangazi mwenyewe aage mapema. Mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba *tía* amekuja kusaidia na atarudi kwake. Asitoroke usiku kwa kuogopa machozi.

Kazi haiishii uwanja wa ndege

Hukumu ikitoka, cheti kipya cha kuzaliwa huandikwa, pasipoti hutolewa, ubalozi hugonga viza, na familia hupanda ndege. Huko waendako kuna ndugu 30 wenye vyungu vya pilau wanaotaka kumshika mtoto siku hiyo hiyo.

Anayewajua wote, na aliyeona yaliyotokea Bogotá, ni msindikizaji. Ndiye anayeweza kusimama mlangoni bila kuonekana ana maringo, akapokea vyungu, akaeleza kwamba sherehe ipo lakini si wiki hii wala mwezi huu, na kwamba akija mtu akae kidogo, amsalimie mtoto kwa mbali, aondoke. Mama akisema hivyo ataambiwa amezungukwa na Uzungu. Bibi akisema, watu hukaa chini wakasikiliza.

Zamu ya bibi itafika. Itafika siku mtoto ataanguka uwanjani, atazame huku na huku, awapite watu wazima watano akimkimbilia mama yake. Siku hiyo mama ataweza kumwambia: haya, nenda ukamwamkie bibi. Na bibi atakuwa hapo, mikono mitupu, mizigo ameshaitua.